Samaki Anayezaa Kwenye Nyasi

Ningu anaishi ziwani lakini hazai ziwani. Mvua za masika zikianza kunyesha huko juu na maji ya mto yakabadilika rangi, anaacha maji mapana ya Ziwa Victoria, anaingia mtoni na kuupanda mkondo pamoja na wenzake kwa makundi. Hatafuti kina cha mto. Anatafuta mahali ambapo mto umejaa ukamwagika nje ya kingo, ukafunika nyasi za malisho kwa maji yasiyofika hata magotini. Hapo majike wanamwaga mayai, madume wanayarutubisha, na muda si mrefu wazazi wote wamesharudi kwenye mkondo. Mayai yanaanguliwa kwa kama siku mbili. Vifaranga wanabaki humo nyasini, wanakula vijidudu vya majini, wanapata nguvu, na maji yanapoanza kupungua wanateremka nayo hadi mtoni na baadaye ziwani. Watafiti Fryer na Whitehead waliandika habari za uzazi huu mwaka 1959. Wavuvi wa mito ya Nzoia, Kagera na Mara walikuwa wakiujua vizazi vingi kabla yao.

Nimeanza na nyasi hizo kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Kila ninaposikia mpango wa kuufufua mto, nasikia habari za miti itakayopandwa kingoni, vifaranga watakaopandikizwa na doria zitakazofanywa ziwani. Yote yana kazi yake. Ila lile eneo ambalo miezi mingi ya mwaka ni malisho makavu, na kwa wiki chache tu linageuka wodi ya uzazi, halimo kwenye ramani ya mtu. Likilimwa mahindi au likizungushiwa tuta, hakuna anayesema mto umepungua. Mimi nasema umepungua, na kwamba tukimtaka ningu arudi, kazi inaanzia hapo.

Kwa ambaye hajamwona, ningu ni samaki wa magamba mwenye mwili mrefu, mgongo wa kijani iliyofifia na tumbo jeupe. Mkubwa wao hufika kama sentimita 40. Ana miiba mingi, lakini akikaushwa kwa moshi mlaji anasahau habari ya miiba. Jambo la kutazama ni mdomo wake. Uko chini kabisa ya pua, una midomo minene, na umeumbwa kwa kazi moja ya kuparua utelezi wa mwani ulioota juu ya mawe na vigogo. Mtaalamu Boulenger alimpa jina la kisayansi la Labeo victorianus mwaka 1901. Duniani kote yupo kwenye bonde la Ziwa Victoria tu, na Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Mazingira, IUCN, linamweka kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Wengi wetu tumezoea kumtwika sangara lawama zote za ziwa hili. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akashamiri miaka ya 1980, na mamia ya aina za furu, wale samaki wadogo wa asili, wakapotea. Hilo halina ubishi. Lakini ningu alikuwa ameshaporomoka kabla sangara hajatawala. Nyavu za makila, zile zinazotegwa zikisimama majini kama ukuta na kunasa samaki kwenye macho yake, ziliingia Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1905. Kabla ya hapo watu wa mtoni walivua kwa uzio wa fito na migono, na uzio wa fito una mpaka wake: maji yakijaa sana, samaki anapita juu. Wavu wa makila hauna mpaka huo. Ukitegwa mdomoni mwa mto mwanzoni mwa mvua, unamkamata jike akiwa na mayai yake yote tumboni, siku chache kabla hajayataga. Utamaliza kundi zima la mwaka huo na hutajua umelimaliza, kwa sababu siku hiyo mtumbwi umejaa na kila mtu mwaloni anafurahi.

Michael Graham aliyefanya uchunguzi wa uvuvi ziwani mwaka 1927 na 1928 alionya mapema juu ya nyavu za macho madogo, ingawa hofu yake kubwa ilikuwa kwa ajili ya ngege, samaki wa jamii ya perege. Cadwalladr, aliyeandika mwaka 1965 kuhusu Mto Nzoia, alieleza mambo mawili kwa pamoja: ningu wanaisha, na mbinu za asili za uvuvi wa mtoni nazo zinachakaa. Nimelifikiria sana hilo la pili. Uzio wa fito ulijengwa na watu waliojua siku samaki anapanda na siku anateremka. Samaki alipokwisha, hapakuwa na sababu ya kujenga uzio, na vijana hawakuwa na sababu ya kujifunza siku hizo. Leo tunapotaka kumrudisha samaki huyu, ujuzi wa siku zake umebaki kwa wazee wachache.

Mmoja wao nilimkuta karibu na Daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, upande wa Musoma, amekaa chini ya mti anashona wavu. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuuliza habari za ningu. Aliendelea kushona kwa muda.

“Ningu wa nini tena, mwanangu?”

“Nataka kujua alikuwa akizalia wapi, mzee.”

Alinyoosha sindano ya wavu kuelekea upande wa pili wa barabara, mbali na maji. “Kule. Mto ukipanda usiku ulikuwa unasikia maji yanapigwa majanini hadi alfajiri. Sisi watoto tulikatazwa kwenda. Baba alisema ukiwakanyaga hao hutakuwa na wa mwakani.”

“Na sasa, mzee?”

“Sasa majani yenyewe yako wapi? Nenda ukaone.”

Nilikwenda nikaona. Shamba la mahindi lilianza mita chache tu kutoka majini na kuendelea hadi nilipochoka kutembea. Katikati palikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa kwa jembe ili maji yakija yaondoke haraka. Mwenye shamba hana kosa, maana anataka mahindi yake yasioze. Lakini mfereji ule ulikuwa unafanya kinyume kabisa cha kile ningu anachohitaji, yaani maji yaingie polepole, yakae, na yatoke polepole. Hata kama jike angefika pale akataga, maji yangekimbia kabla mtoto hajajua kuogelea.

Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 395, kutoka kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, kupitia Maasai Mara na Serengeti, hadi ziwani karibu na Musoma. Ni miongoni mwa mito ambamo ningu bado yupo, na ndiyo sababu nauandika zaidi ya mingine. Ukitaka kujua hali ya mto, huhitaji maabara kwanza. Ingia mahali penye maji yanayokimbia, msimu maji yakiwa machache, uokote jiwe la ukubwa wa ngumi. Nimefanya hivyo sehemu mbalimbali za mto huu na vijito vyake. Mahali pazuri jiwe linateleza mkononi, lina utando wa kijani unaong'aa, na chini yake kuna vijidudu vinavyokimbia kujificha na vingine vilivyojijengea vijumba vya mchanga. Mahali pabaya jiwe halitelezi. Limefunikwa na udongo laini wa rangi ya chai ya maziwa, ukilipangusa kwa kidole gumba unabaki mstari, na chini hakuna kitu kinachotembea. Samaki anayekula kwa kuparua mawe hana chakula hapo. Anaweza kuwa na maji tele na bado akafa njaa.

Udongo ule umetoka mbali. Ripoti ya kikosi kazi cha serikali ya Kenya ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Mau imepoteza zaidi ya hekta 100,000 za msitu kwa mgao wa ardhi na uvamizi. Mvua inayoangukia msitu inazama ardhini na kutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Inayoangukia shamba tupu la mteremko inakimbia na udongo. Kwa hiyo mto unapata maji mengi kwa pupa wakati wa mvua na machache sana wakati wa kiangazi. Ongeza mapito ya ng'ombe yaliyobomoa kingo, uchimbaji wa mchanga, na mashamba ya umwagiliaji yanayovuta maji wakati ule ule ambapo mto hauna cha kutoa.

Huko chini, upande wa Tanzania, udongo huo umekuwa ukituama na ardhi oevu ya Mara imepanuka katika miongo ya karibuni. Mafunjo yamesimama marefu, mazito, na anayeyaona kutoka barabarani anadhani mambo ni mazuri. Ni mazuri kwa viumbe fulani. Ndani ya mafunjo oksijeni ni kidogo, kambare na kamongo wanaimudu hali hiyo, na utafiti wa Lauren Chapman na wenzake huko Ziwa Nabugabo, Uganda, ulionyesha kwamba samaki wadogo wa asili hujificha humo kwa sababu sangara hawezi kuishi kwenye maji yenye oksijeni kidogo namna hiyo. Basi mafunjo yalindwe. Ila mafunjo mazito na nyasi fupi zilizofunikwa na maji mapya ya mvua ni nyumba mbili tofauti, na kuwa na moja hakufidii kukosa nyingine. Mradi unaopima mafanikio kwa hekta za “ardhi oevu” bila kuuliza ni ardhi oevu ya namna gani unaweza kujisifu huku ningu akikosa pa kutaga.

Jambo la oksijeni nalo linahitaji utulivu wa kulieleza, kwa sababu limeleta maneno mengi. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na kunuka, samaki wakafa kwa wingi eneo la karibu na Kirumi. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema chanzo ni mrundikano wa mabaki ya mimea na kinyesi na mikojo ya mifugo vilivyomaliza oksijeni majini. Watu wengi hawakuyapokea maelezo hayo, na mabishano yalikwenda hadi bungeni na mitandaoni. Sina la kuongeza kuhusu siku zile. Ninachojua ni kwamba huko juu, ndani ya Maasai Mara, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018, Christopher Dutton na wenzake, walieleza jinsi viboko zaidi ya 4,000 wanavyojaza kinyesi kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, na mafuriko ya kwanza yanapoyasukuma madimbwi hayo kwa mpigo, oksijeni inashuka na samaki walio chini zaidi mtoni wanakufa. Viboko walikuwepo kabla yetu na mto uliwamudu. Ninavyoona mimi, kila lita tunayoichota kiangazi inafanya dimbwi litulie zaidi, na kila hekta ya msitu tunayokata inafanya mafuriko ya kwanza yaje kwa nguvu zaidi. Huo mwanzo wa mvua ambao samaki wanaweza kufa nao ndio wakati ningu anaanza safari yake.

Sasa nije kwenye mfano unaonipa moyo kuliko mingine yote, na unatoka hapa hapa Afrika.

Kaskazini mwa Kamerun kuna bonde la mafuriko la Waza-Logone. Kila mwaka Mto Logone ulikuwa ukipanda na kusambaa juu ya tambarare kubwa. Samaki walizaa humo, na maji yakishuka, nyasi ndefu za kudumu ziliota na wafugaji wakaleta ng'ombe. Mwaka 1979 lilijengwa Bwawa la Maga kwa ajili ya kilimo cha mpunga, pamoja na tuta refu kandokando ya mto. Mafuriko yakapungua sana. Nyasi za kudumu zikafa na nafasi yake ikachukuliwa na nyasi za msimu zisizo na faida kwa mfugaji. Samaki wakapungua, wanyama wa hifadhi ya Waza nao wakateseka. Mwaka 1994 mradi uliosimamiwa na IUCN ulifungua njia moja ya maji iliyokuwa imezibwa na tuta lile, na mwaka 1997 ukafungua nyingine. Hawakubomoa bwawa wala kuhamisha mashamba ya mpunga. Waliyaachia maji mlango. Mafuriko yalirudi kwenye sehemu ya bonde, nyasi za kudumu zikaanza kurudi, ng'ombe wakaongezeka, na wavuvi wakapata samaki zaidi.

Ninachokipenda kwenye habari hii ni kwamba wafugaji na wavuvi walinufaika na maji yale yale. Hapa kwetu tumezoea kumwona mfugaji kama adui wa mto. Lakini tazama kalenda. Ningu anahitaji nyasi kwa wiki chache za mafuriko, wakati ambapo ng'ombe hawezi hata kuingia kwa sababu ya tope. Mfugaji anazihitaji baada ya maji kuondoka, wakati ambapo vifaranga wameshateremka. Hawagongani. Anayegongana na wote wawili ni yule anayelima tambarare ile na kuitoboa mifereji. Kama ningepewa kazi ya kuanzisha mpango wa kumrudisha ningu kwenye mto wowote wa bonde hili, mkutano wangu wa kwanza ungekuwa na wenye ng'ombe, kabla hata sijakaa na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Tambarare yenye mafuriko ya uhakika ina malisho ya kiangazi ya uhakika, na hiyo ni lugha ambayo kila mfugaji anaielewa bila semina.

Mauritania nao walifanya jambo linalofanana na hilo kwenye delta ya Mto Senegal. Bwawa la Diama, lililokamilika mwaka 1986, lilikata mafuriko na eneo likakauka na kujaa chumvi. Hifadhi ya Taifa ya Diawling ilianzishwa mwaka 1991, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wakaanza kuachia maji kupitia milango maalumu kwa ratiba inayoiga mafuriko ya zamani. Samaki na ndege wakarudi, na kina mama wanaosuka mikeka wakapata tena nyasi zao.

Nimeeleza mifano hiyo kwa urefu kwa sababu mara nyingi mazungumzo ya kurudisha samaki huishia kwenye mabwawa ya kuzalisha vifaranga. Na kwa ningu, uzalishaji unawezekana. Watafiti wa Uganda, Justus Rutaisire akiwa mmoja wao, walionyesha miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba ningu anaweza kutagishwa kwa homoni na vifaranga wakalelewa. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Inatupa akiba endapo mto fulani utampoteza kabisa. Lakini kumpeleka kifaranga kwenye mto ambao mawe yake yamefunikwa na tope, tambarare zake zimelimwa na mdomo wake umetegwa nyavu ni kumpeleka kufa. Atakua, atapanda, atakosa pa kutagia. Mwaka unaofuata tutapeleka wengine, na miaka ikipita tutakuwa na mradi unaolisha mto samaki badala ya mto unaozalisha samaki. Zaidi ya hapo, ningu wa Mara na ningu wa Kagera hawapaswi kuchanganywa ovyo kwa sababu tu wamepatikana kwenye bwawa moja. Kila mto una majira yake na samaki wake wamezoea majira hayo.

Sheria tunazo, na nyingine ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, maziwa na vyanzo vya maji. Mita hizo zikiheshimiwa, kingo zitapona, udongo utapungua, na mawe yataanza kuteleza tena. Ningependa kila kijiji cha mtoni kiwe na mawe ya mipaka yanayoonekana. Lakini mita 60 ni kipimo cha ukingo. Mahali ambapo mto una kingo za juu, mita 60 ni nyingi. Mahali ambapo mto unamwagika kwenye tambarare, nyasi ambazo ningu anatagia zinaweza kuwa mbali kabisa na mstari huo, na kisheria zikawa shamba la kawaida. Hapa panahitaji mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, ambao mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka ya kuupitisha, ukitamka wazi kuwa eneo fulani ni la malisho ya kiangazi na mafuriko ya masika, halilimwi wala halichimbwi mifereji. Halihitaji kuwa hifadhi yenye askari. Linahitaji jina, mpaka, na watu wanaonufaika nalo.

Kisha kuna mdomo wa mto. Hapa sina njia ya kuzunguka: nyavu zisitegwe mdomoni mwa mto katika wiki za mwanzo za masika na za vuli, samaki wanapopanda. Najua ni kuomba jambo kubwa kwa mtu ambaye ada ya shule inalipwa na wavu huo. Ndiyo maana nataka wiki chache zinazojulikana, zilizotangazwa mapema, zinazofuata mvua yenyewe, badala ya katazo la mwaka mzima ambalo litavunjwa siku ya kwanza. Kokoro na timba, nyavu zilizokatazwa, zinaendelea kutumika usiku pamoja na doria zote, na kila mtu wa mwaloni anajua zinakotumika. Katazo fupi ambalo BMU yenyewe imelipanga lina nafasi kubwa zaidi ya kushikwa.

Na linawezekana. Kwenye Mto Elwha, jimbo la Washington nchini Marekani, mabwawa mawili yalikuwa yamezuia samoni, samaki wa baharini anayepanda mto kuzaa, kwa karibu karne nzima, moja tangu 1913 na la pili tangu 1927. Yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Kabila la Lower Elwha Klallam, ambalo lilipigania ubomoaji huo kwa miaka mingi, lilikubali uvuvi ufungwe mtoni ili samaki wapate nafasi. Walisubiri hadi mwaka 2023 ndipo walipovua samoni wachache wa aina ya coho kwa mara ya kwanza tangu mabwawa yaondoke. Watu ambao mto ulikuwa haki yao kwa mkataba walikaa miaka 12 bila kuuvua, kwa hiari. Mimi naomba wiki.

Upande wa pili wa mzani upo Mto Yangtze nchini China. Bwawa la Gezhouba lilikata njia mwaka 1981, na samaki mkubwa wa pua kama upanga, aliyekuwa akipanda mto huo kwenda kuzaa, akawa hana pa kufika. Mara ya mwisho alionekana akiwa hai mwaka 2003. IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka mwaka 2022. China imefunga uvuvi Yangtze kwa miaka 10 kuanzia Januari 2021, na samaki wengine huenda wakapona kwa hatua hiyo. Yule hatarudi.

Nayakumbuka haya kila ninaposoma mipango ya mabwawa kwenye mito yetu. Mto Sondu-Miriu nchini Kenya tayari una mitambo ya umeme ya megawati 60 inayochukua maji kutoka kwenye mto na kuyarudisha mbali zaidi chini, na sehemu iliyo katikati inabaki na maji inayoachiwa tu. Kwenye Mto Mara yamekuwa yakipangwa mabwawa, Norera upande wa Kenya na Borenga upande wa Tanzania. Watu wa pande zote mbili wanahitaji maji, na siwezi kusimama mbele ya mama anayechota kwenye dimbwi moja na ng'ombe nikamwambia bwawa lisijengwe kwa ajili ya samaki. Nataka lijengwe na wahandisi waliomwona ningu.

Maana ngazi ya samaki, yaani njia ya vidimbwi vinavyopandana inayojengwa ili samaki avuke bwawa, ikichorwa kwa ajili ya samoni haimfai kila samaki. Samoni anaruka. Thailand walijenga Bwawa la Pak Mun, lililokamilika mwaka 1994, wakaweka ngazi ya samaki, na Tume ya Dunia ya Mabwawa ikaandika mwaka 2000 kwamba ngazi hiyo haikufanya kazi kwa samaki wa mto ule. Ningu si mrukaji kama samoni, na anachohitaji ni mkondo wa pembeni wenye mteremko mdogo, wenye mawe na mahali pa kupumzikia, unaofunguliwa usiku na mchana katika msimu wake. Na akishapita, anahitaji maji yatakayomwagika kwenye tambarare. Kwa hiyo kanuni za uendeshaji wa bwawa, zile zinazosema maji kiasi gani yaachiwe mwezi gani, zina uzito kuliko ngazi yenyewe. Kiasi kidogo cha kudumu kinachoachiwa mwaka mzima kitaufanya mto usikauke, na wala hakitafika kwenye nyasi. Ndani ya kanuni hizo lazima kuwe na kiasi kikubwa cha Aprili, kinachoachiwa kwa siku za kutosha hadi mayai yaanguliwe na vifaranga wapate nguvu, kisha kinapunguzwa taratibu ili wasikwame kwenye madimbwi.

Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara pamoja. Hotuba hutolewa, miti hupandwa. Ningefurahi kuona kwenye maonyesho ya mwaka unaokuja ramani moja ya tambarare zote ambazo mto bado unazifikia wakati wa masika, kijiji kwa kijiji, kutoka Bomet hadi Butiama, na kando ya kila moja jina la anayeilima, anayeilisha na anayeivua. Wazee wanaoweza kuichora bado wapo, na baadhi yao hawana miaka mingi.